Mapigo Hamsini Si Yangu

Jina la Futi alipewa na wateja, na halikumkera. Futi ya kupimia, ile ya utepe laini, haikutoka shingoni mwake tangu alipofungua kibanda chake cha kushona, ubavuni mwa nyumba yake, asubuhi hadi alipokifunga jioni. Aliwahi kwenda nayo benki. Aliwahi kwenda nayo msibani, akagutuka ameshaketi katikati ya waombolezaji, akaivua na kuisokomeza kwenye mkoba. Kazi yake ilikuwa sare za shule, na katika miaka kumi na saba ya sare alijifunza jambo moja ambalo hakumruhusu mtu kulipinga: kila mwili una ukurasa wake. Daftari lake la vipimo lilishavimba kwa kurasa za kuongezea. Hata mapacha walipoletwa, wamefanana hadi mama yao anawachanganya, Futi aliwapima mmoja mmoja, na mama akilalamika kwamba anacheleweshwa, alijibiwa kwamba mlango uko wazi na mafundi ni wengi.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa wake mwenyewe, na haukuwa na inchi. Muuguzi aliyemhudumia alipokuwa na mimba ya binti yake alimfundisha kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Binti sasa yuko kidato cha tatu, na mama bado anahesabu kila asubuhi kabla ya kushusha miguu kitandani, kisha anaandika. Sitini na mbili. Sitini na moja. Sitini na mbili. Kwa miaka mingi ukurasa ule haukumwambia lolote jipya, na ndivyo alivyoupenda.

Kukimbia alianza na miaka thelathini na minne, kwa ajili ya mgongo. Mtu anayeshinda kwenye cherehani, mguu kwenye pedali na shingo chini, jioni hasimami kwa mara moja. Anasimama kwa mafungu. Akazunguka uwanja wa shule mara moja, akatapika. Kesho yake akazunguka mara mbili. Sasa alikuwa na arobaini na moja, na katika klabu ya mtaa walibaki wanne tu wa kufaa mbio za vilabu za kilomita ishirini na moja. Klabu ilipewa nafasi tatu. Mwaka uliopita Futi aliwashikia wenzake maji. Mwaka wa kabla yake aliwashonea bendera. Mwaka huu alitaka kukimbia, na hakuficha.

Wenzake watatu walikuwa wanaume. Mmoja alikuwa Mwalimu, anayefundisha hesabu katika shule ile ile yenye uwanja. Wa pili Posta, msambaza barua, mwembamba kiasi kwamba upepo ukivuma watu humtania ajishike mahali. Wa tatu alikuwa mchoma mikate wa kiwandani, mrefu, kifua kama mlango, wakamwita Pandikizi. Juu yao alikuwepo Kocha, mtu mzima mwenye filimbi na kofia, ambaye, kusema kweli, alikuwa kocha mzuri. Kila alfajiri alimsalimu kila mmoja kwa zamu, "Umeamkaje?", huku akimtazama usoni, na kwa jibu na kwa uso alijua nani aongezewe mizunguko na nani arudishwe nyumbani akalale.

Kisha ikaja saa.

Mwenye duka la vifaa vya michezo aliiahidi klabu saa nne za kupima mapigo ya moyo. Ikaja moja. Mtu mwenye akili timamu angeuliza zile tatu zimeishia wapi, au angempa saa mtu mmoja na kuwaacha wengine na maisha yao. Kocha alipanga zamu. Jumatatu Mwalimu alale nayo, Jumanne Posta, Jumatano Pandikizi, Alhamisi Futi, halafu wanaanza upya. Saa ilifungwa mkononi wakati wa kulala, ikahesabu mapigo ya mtu aliyepumzika, ikayalinganisha na mapigo ya siku za nyuma, na asubuhi ikatoa rangi. Kijani, mwili umerudi, kimbia. Njano, punguza. Nyekundu, mwili bado umechoka, pumzika.

"Sasa hakuna kubahatisha," Kocha aliwaambia, akiiinua juu kama kombe. "Hiki chombo hakina upendeleo wala undugu."

Zamu ya kwanza ya Futi, nyekundu.

"Leo unatembea, Fundi," alisema Kocha. "Mpaka zamu yako irudi."

"Zamu yangu ni baada ya siku nne, Kocha. Nimelala vizuri, miguu ni myepesi kabisa."

"Miguu inadanganya. Moyo haudanganyi."

Akatembea siku nne. Zamu ya pili, nyekundu. Akatembea tena siku nne, akizunguka uwanja kando kando kama mtu anayetafuta funguo, wenzake wakimpita na kumpita. Zamu ya tatu, nyekundu. Kilichomuuma kuliko kutembea ni kwamba Kocha alikuwa ameacha kumsalimu. Alikuja, akashika kifundo cha mkono, akainamia saa, akatikisa kichwa, akaondoka. Hakumtazama usoni. Mtu mzima na heshima zake, anasalimiana na mkanda wa plastiki!

Futi hakuwa mtu wa kunyenyekea hivyo hivyo. Alianza kukimbia peke yake barabara ya nyuma ya maghala, kabla ya kwenda uwanjani kutembea mbele ya Kocha. Kilomita kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Alikimbia akitazama nyuma kama mtu anayeiba, na alichoiba kilikuwa mali yake mwenyewe, na kila alipolifikiria hilo alikaza mwendo kwa hasira.

Wiki ya tatu mumewe akaingiwa na hofu. Mume alikuwa kinyozi, mtu mpole, mwenye mikono ya taratibu.

"Mama watoto, mashine imesema mara tatu. Hebu twende wakakuangalie tu."

"Mashine haijasema kitu. Mashine imewaka taa."

Lakini alikwenda, maana alimpenda. Muuguzi akamhesabia, daktari akamsikiliza kifua, akamwambia apande ngazi na kushuka, akasikiliza tena, akacheka. "Moyo huu ningeupata mimi, mama, ningeacha kupanda lifti." Akaandika kwenye karatasi: sitini na mbili, hana tatizo. Futi akaipeleka karatasi kwa Kocha akidhani mambo yamekwisha.

Kocha aliisoma mpaka chini, akairudisha. "Daktari amekuona dakika kumi. Saa inakuona saa saba nzima."

Jibu lilimjia akiwa ameshafika nyumbani, anakata kola, akalisema kwa sauti kubwa hadi mteja aliyekuwa akisubiri akauliza kama ni yeye anayesemwa.

Mume naye, kwa wema wake, alimweleza mteja mmoja tu aliyekuwa kwenye kiti, povu kidevuni. Mteja mmoja wa kinyozi ni mtaa mzima. Jumamosi ile jirani alileta mapapai na sauti ya chini. Mama mmoja wa shule alimuuliza kama ataweza kweli sare thelathini za muhula ujao, au apumzike, asijilazimishe, kazi zipo tu. Wifi yake alifika kutoka mbali kumpa pole, akamkuta anabeba jora la kitambaa begani, akashika mdomo na kumwamuru aliweke chini mara moja.

"Wifi, mimi si mgonjwa."

"Wagonjwa wote wa moyo wanasema hivyo."

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Futi alikula mapapai, kwa kuwa papai halina kosa, na usiku alifura kwa hasira hadi usingizi ukamchukua. Wiki sita zikapita hivyo, rangi ile ile, pole zile zile.

Wiki mbili kabla ya mbio Kocha aliwakusanya uwanjani na kusoma majina. Mwalimu. Posta. Pandikizi. Akakunja karatasi.

"Fundi, usinielewe vibaya. Ni kwa usalama wako. Ukianguka barabarani nitamwambia nini mumeo?"

Machozi yalimjia Futi mpaka ukingoni na hakuyaruhusu kushuka. Kocha, kwa macho makavu, akaendelea pale pale:

"Na fulana za mbio utatushonea wewe, si ndiyo? Tatu. Kitambaa kimeshanunuliwa."

Nadhani hata wale wanaume watatu walisikia aibu, kwa sababu Posta aliinama kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa. Futi alisema ndiyo. Akatoa futi shingoni, akawapima mmoja mmoja pale pale kwenye majani, kifua, urefu, bega, akaandika kila mtu ukurasa wake.

Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya saa, na Kocha hakuona sababu ya kumnyima. Akalala nayo, asubuhi ikatoa nyekundu yake, akaivua na kuitupa juu ya meza ya kukatia. Binti yake, aliyekuwa akinywa chai amesimama kabla ya kwenda shule, akaiokota na kuibonyeza bonyeza. Watoto wa siku hizi hawaogopi vitufe.

"Mama, huku ndani kuna historia. Inasema jana yako ni sitini na mbili."

"Naijua. Nimeshaandika."

"Halafu inasema kawaida yako ni hamsini."

"Kawaida ya nani?"

"Yako. Wastani wa mwezi mzima. Ndiyo maana inatoa nyekundu, inaona umezidisha kumi na mbili."

Futi aliweka mkasi chini. Alivuta daftari, akafungua ukurasa wa mwisho, akapitisha kidole juu ya mwezi mzima, mistari yote. Sitini na moja, sitini na mbili, sitini, sitini na mbili. Hapakuwa na hamsini hata mahali pamoja. Hajawahi kuwa na hamsini tangu azaliwe.

"Hebu nisomee tarehe za nyuma. Moja moja."

Binti akasoma. Arobaini na nane, arobaini na sita, arobaini na nne, sitini na mbili. Arobaini na nane, arobaini na sita, arobaini na nne, sitini na mbili. Mwalimu, Posta, Pandikizi, Futi. Saa haikujua kwamba mikono ni minne. Ilidhani ni mtu mmoja mwenye vituko, siku tatu ametulia na ya nne ameharibika. Iliwachukua watu wanne, ikawakoroga, ikagawanya, ikapata mtu wa hamsini ambaye hajawahi kuamka katika nyumba yoyote ya mtaa ule. Na kwa ajili ya mtu huyo asiyekuwepo, Futi alitembezwa wiki sita na kuletewa mapapai.

"Mama, kuna nini?"

"Wahi shule," alisema Futi. "Nina fulana za kushona."

Angeweza kwenda kwa Kocha asubuhi ile ile na kumpasha. Lakini maneno alikuwa ameyatumia wiki sita na yote yamerudi kama yalivyokwenda. Akafungua kurasa. Kifua cha Pandikizi inchi arobaini na sita, Mwalimu arobaini, Posta thelathini na mbili. Akajipima na yeye: thelathini na nne. Akajumlisha vinne, akagawanya kwa nne, akapata thelathini na nane. Akafanya hivyo hivyo kwa urefu na kwa bega. Halafu akakata fulana tatu za kipimo kimoja, akazishona kwa uangalifu wote wa kazi yake, mishono imenyooka, kola imelala, akizipiga pasi kama za harusi. Kwa ndani pembeni aliacha akiba ya kitambaa, ya kutosha kupanuliwa, maana alikuwa na hasira lakini hakuwa mharibifu.

Alhamisi kabla ya mbio, jioni, wote wakaja kibandani kujaribu. Posta aliingia kwenye yake akapotea. Mashimo ya mikono yalimfikia mbavuni. Mwalimu alibanwa, akasimama mabega juu. Pandikizi aliingiza kichwa na mkono mmoja, akakwama hapo, akazunguka zunguka katikati ya kibanda hadi akaangusha sanduku la vifungo.

Kocha alikunja uso. "Fundi, hii ni kazi gani? Si uliwapima?"

"Nimewapima vizuri sana."

"Basi mbona hakuna hata moja inayomtosha mwenyewe?"

"Nimefanya kama saa yenu," alisema Futi. "Nimejumlisha vifua vinne, na changu kimo, nikagawanya kwa nne. Thelathini na nane. Kipimo hakina upendeleo, Kocha. Hakina undugu. Kama fulana haikutoshi, kosa ni la kifua chako. Katembee siku nne."

Posta aliangua kicheko, akajizuia. Futi, aliyekabidhiwa saa kwa zamu ya usiku ule, aliibamiza mezani, akaweka na daftari kando yake, akawasomea tarehe, arobaini na nane, arobaini na sita, arobaini na nne, sitini na mbili, na safari hii hakumumunya maneno.

"Wiki sita mnaniambia mgonjwa! Nimeleta karatasi ya daktari, ikarudishwa kama risiti. Mtaa mzima unanipa pole, wateja wanaogopa kunipa kazi, wifi yangu ananipokonya mzigo. Na hakuna hata mmoja wenu, hata mmoja, aliyefungua hii kitu kuangalia inanilinganisha na nani. Na wewe Mwalimu! Wewe unafundisha wastani darasani! Binti yangu umemfundisha wewe!"

Mwalimu alikuwa ameshaichukua saa. Alisoma, midomo ikicheza, kisha uso ukamshuka. "Ni kweli," alisema. "Jumla mia mbili, kwa nne, hamsini. Dada, tumekukosea."

Kocha alivua kofia, akaivaa. "Haya, tuseme saa ilikosea kwako. Lakini hawa wengine..."

"Hawa wengine?" Futi alimgeukia Pandikizi, aliyekuwa bado amekwama, fulana shingoni. Alipomsaidia kuivua akahisi joto la ngozi, na si la tanuri. Akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akatazama saa ya ukutani, akahesabu dakika nzima.

"Hamsini na nne. Kadi yako ya afya ya kiwandani inasema ngapi?"

"Arobaini na nne. Kila mwaka hiyo hiyo."

"Tangu lini una homa?"

Pandikizi aliinamisha kichwa kile kikubwa. "Jumatatu. Kifua kinabana, usiku natoka jasho. Lakini jana nilikuwa na zamu, asubuhi ikatoa kijani. Nikasema basi ni uvivu wangu tu. Leo nimekimbia kilomita kumi na nane."

Hapo hasira ya Futi ilibadilika. Ile ya mwanzo ilikuwa yake mwenyewe. Hii ilikuwa kwa ajili ya mwenzake. Mtu ana homa, anajua ana homa, mwili unamwambia usiku kucha, na asubuhi anauamini mkanda wa plastiki kuliko kifua chake mwenyewe. Kwa mtu wa hamsini, hamsini na nne haikuwa mbali. Kwa Pandikizi ilikuwa mapigo kumi zaidi ya kawaida yake, na watu wote wazima waliokuwa pale walikuwa tayari kumpeleka akakimbie kilomita ishirini na moja juani.

"Ulimwambia Kocha?"

"Hakuniuliza."

Kocha alikaa kwenye jora la kitambaa, kitu ambacho Futi hakumruhusu mtu yeyote, na kwa mara ya kwanza hakumwambia ainuke. "Majina yameshatumwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Yanabadilishwa mpaka kesho saa sita," alisema Mwalimu.

"Langu liondoeni," alisema Pandikizi. "Mwekeni Fundi. Mimi naenda kwa daktari." Akasita, akamtazama Futi kama mtoto. "Atanihesabia kwa mkono?"

"Usipohesabiwa kwa mkono, rudi hapa," alisema Futi.

Usiku ule na uliofuata alifumua na kushona upya. Ya Mwalimu aliipanua kwa akiba aliyoiacha pembeni, ya Posta akaibana. Ile ambayo ingekuwa ya Pandikizi aliipunguza inchi nne, akaivaa mbele ya kioo, mumewe akishika pini. Mume alisema inamkaa vizuri. Kisha akasema samahani, kwa sauti ya mtu aliyelifanyia zoezi neno hilo kinyozini kutwa nzima. Futi akamwambia kesho amweleze hilo mteja mmoja.

Jumapili asubuhi barabara ilifungwa kamba pande zote mbili, watu wa vilabu wakirukaruka mahali pamoja kupasha miguu moto. Pandikizi alikuwa kitandani na dawa zake, ameagizwa wiki mbili asikimbie hata akiona moto. Kocha alipita kwenye mstari. Alipofika kwa Futi, macho yake kwa mazoea yakaenda chini, kwenye kifundo cha mkono. Hapakuwa na kitu. Mkono mtupu. Akabaki hapo akitazama ngozi, hajui afanye nini na mikono yake. Futi hakumsaidia. Alisubiri, hata kama ingembidi asubiri mpaka bunduki ipigwe.

Kocha akainua uso, pole pole, akamtazama machoni.

"Umeamkaje, Fundi?"

"Nimeamka na hasira, Kocha," alisema Futi.

Kocha akaitikia kwa kichwa, akampisha njia.